Namna ya Kutazama Ndege Wahamiaji Igawa Bila Kudhaniwa Mpima Ardhi

Basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma likikaribia Igawa, abiria huamka, hujinyoosha, huulizia choo. Wachache sana huinua macho kutazama nyaya za umeme. Ni hasara kubwa, kwa sababu kati ya Oktoba na Desemba nyaya hizo hukaliwa na wasafiri waliotoka mbali kuliko dereva yeyote wa barabara ya TANZAM. Pale juu yupo mbayuwayu aliyezaliwa kwenye banda la ng'ombe huko Poland au Urusi. Uzito wake ni gramu 20 hivi, na amevuka bahari na Jangwa la Sahara kwa mabawa yake mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Igawa, Rujewa, Chimala na vijiji vya jirani, na wa mpita njia mwenye saa mbili za kukaa. Una lengo moja: umtambue ndege kabla hujamfukuza. Watu wa Mbarali wametazama ndege vizazi na vizazi, wakiwa na manati mkononi na debe la kugonga pembeni. Aliyekulia kwenye kuwinga ndege shambani ana macho makali kuliko mtalii mwenye darubini ya mamilioni. Kilichobaki ni kuongeza hatua moja kati ya jicho na jiwe.

1. Jua ratiba ya wageni

Kuanzia Septemba hadi Novemba, nchi za kaskazini huanza kupoa na majani hupukutika. Wadudu huadimika, na ndege wanaowategemea hushuka kusini. Kinachowakimbiza zaidi ni njaa, baridi inafuata. Vitwitwi, wale ndege wenye miguu mirefu wanaochokoa matope, huwahi mapema, hata Agosti. Keremkerem wa Ulaya hupita Septemba na Oktoba. Mbayuwayu hujaa Oktoba. Korongo weupe na kozi wa Amur hufika Novemba na Desemba, mvua za kwanza zinapowatoa kumbikumbi ardhini.

Halafu upo msimu wa pili ambao wengi huusahau. Machi na Aprili, nyanda za juu za Mbeya na Iringa zinapoanza kupoa na mpunga unapoanza kubadilika rangi, wageni hao hao hurudi kaskazini kuzaa. Wakati huo wengi wamevaa manyoya mapya ya harusi, kwa hiyo ni rahisi zaidi kuwatambua. Igawa inawapata wakija na wakiondoka. Aliyewakosa Novemba asikate tamaa, ana Aprili.

Kwa siku, panga hivi. Saa 12 hadi saa 3 asubuhi ni za majini na matopeni. Saa 4 hadi saa 8 mchana inua macho, kwa kuwa korongo na ndege wengine wakubwa hungoja jua lipashe ardhi ndipo wapande na hewa ya moto. Jioni, kuanzia saa 11, simama karibu na matete uone mbayuwayu wakirudi kulala kwa makundi.

2. Jitambulishe kabla hujatoa darubini

Usiruke hatua hii. Mbarali ni wilaya ambayo ardhi, maji na mipaka ya hifadhi vimewahangaisha watu kwa miaka mingi, hasa tangu eneo la Usangu lilipoingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008. Mtu asiyefahamika aliyesimama kwenye tuta la mfereji, ameshika chombo machoni na daftari mkononi, huchukuliwa kuwa amekuja kupima mipaka. Wanakijiji wana sababu ya kuuliza, na wewe una wajibu wa kujibu kabla hujaulizwa.

Kwa hiyo anzia kwa mwenyekiti wa kitongoji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Una shida gani?"

"Sina shida mzee. Naomba ruhusa ya kukaa pale kwenye majaruba asubuhi, natazama ndege."

"Hawa wanaotumalizia mpunga?"

"Hapana mzee. Wale wanaokula viwavi."

Hapo utaletewa kigoda, na huenda mzee mwenyewe akafuatana nawe. Mkubali. Mtu aliyelima miaka arobaini bondeni anajua mti gani korongo hulalia na mwaka gani hawakuja.

3. Vifaa vichache, na vyote vina kazi

Darubini ukipata, iwe ya 8x32 au 8x42. Namba ya kwanza inasema inakuza mara ngapi. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na kadiri kinavyopanuka ndivyo mwanga mwingi unavyoingia alfajiri. Usivutiwe na zile zilizoandikwa zinakuza mara 20 au 30, maana mkono ukitikisika kidogo ndege hutoweka. Na kamwe usiielekeze kwenye jua.

Ukikosa darubini, usibaki nyumbani. Mbayuwayu kwenye waya, korongo shambani na yangeyange nyuma ya trekta huonekana vizuri kwa macho matupu. Chukua daftari, penseli, kofia, maji ya kunywa na nguo zisizo na rangi kali. Vaa mabuti kama utaingia majarubani, kwa sababu kichocho kipo kwenye maji ya mifereji na hakiulizi umefuata nini. Kwenye mito mikubwa kaa mbali na ukingo, viboko na mamba ni wenyeji huko.

Simu izimwe mlio. Rafiki anayependa kusimulia muachie nyumba, mtasimuliana mkirudi.

4. Chagua kituo

Kituo cha kwanza ni hapo hapo mjini: daraja la mto Mbarali na nyaya za barabara kuu. Ni cha bure na hakihitaji nauli. Tazama chini ya daraja na chini ya mapaa. Mbayuwayu unayemkuta anajenga kiota cha udongo ni mwenyeji, kwa kuwa mgeni wa kutoka Ulaya hajengi hapa, amekuja kula tu. Kanuni hii pekee itakuondolea nusu ya mabishano.

Kituo cha pili ni mashamba ya mpunga. Kati ya Novemba na Januari, wakati vitalu vinaota na majaruba yanavurugwa, matope hayo huwa meza kubwa ya vitwitwi. Shamba la Mbarali lililojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, Kapunga, Madibira na maelfu ya mashamba ya wakulima wadogo vimeligeuza bonde la Usangu kuwa ghala la mchele, na pia kuwa ardhi oevu ya kutengenezwa na mikono ya watu. Ng'ombe wakipita, chunguza miguuni mwao. Utamwona ndege mwembamba mwenye tumbo la njano, mkia wake hautulii, anaokota wadudu wanaotimuliwa na kwato. Naye ametoka kaskazini.

Kituo cha tatu ni kinamasi cha Ihefu na mto Ruaha Mkuu, ndani ya Hifadhi ya Ruaha, yenye aina zaidi ya 500 za ndege. Huko unaingia kwa kibali na kiingilio. Ukifika Oktoba au Novemba utaona jambo zito pia: tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, kwa kuwa maji mengi huchukuliwa juu kabla hayajafika. Mto huo ndio unaolisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Wageni wanafika wakati maji yamebaki machache kuliko wakati wowote wa mwaka. Mkulima anayefunga lango la mfereji wake akishamaliza kumwagilia anaisaidia mitambo ya Kidatu, anamsaidia jirani wa chini, na anamwachia kitwitwi mahali pa kusimama.

Kituo cha nne kiko juu. Ukitoka Chimala, panda zile kona maarufu za Hamsini na Saba hadi Matamba, kisha Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, ambayo watu huiita Bustani ya Mungu. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 2005 na ina kilomita za mraba 413. Mvua zikianza, mbayuwayu wa buluu huja kuzaa kwenye nyasi za huko, na baridi ikikaza huenda kukaa maeneo ya Ziwa Viktoria. Yeye ni mzaliwa wa nyanda zetu, na dunia nzima amebaki kwa uchache. Popote nyasi za milimani zinapolimwa viazi au kupandwa misonobari na mikaratusi, hapati tena pa kuzalia. Wageni wa Ulaya wanaweza kuchagua nchi nyingine ya kupitia. Huyu akikosa nyasi za Kitulo na Njombe hana kwingine kwingi.

5. Tazama mdomo kwanza

Hapa ndipo penye kiini cha mwongozo huu. Kabla hujatazama rangi, mkia au ukubwa, tazama mdomo.

Mdomo mfupi, mnene, uliochongoka kwa mbele, ni wa kuvunja punje. Kwelea anao, na wake ni mwekundu. Huyu ndiye adui wa kweli. Kwelea mmoja hula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku, kwa hiyo kundi la milioni moja humaliza tani 10 kabla jua halijatua. Kwelea naye huhama, lakini safari zake ni za ndani ya Afrika, akifuata mvua na mbegu za nyasi. Mkulima anayemfukuza yuko sahihi kabisa.

Mdomo mwembamba na mrefu, au mdogo wenye kinywa kipana, ni wa wadudu. Mbayuwayu, keremkerem na vitwitwi wengi wako kundi hili. Hawawezi kukoboa mpunga hata ungewapa gunia. Wapo wachache wanaookota punje, kama kitwitwi mmoja mkubwa mwenye mgongo wa magamba-magamba, lakini hata yeye huokota zaidi zile zilizokwisha kudondoka chini.

Mdomo uliopinda kama ndoano ni wa mwindaji. Akionekana juu ya shamba, furahi, maana amekuja kwa panya, panzi na hata kwelea wenyewe.

Mfundishe kanuni hii mtoto anayewinga. Ataielewa siku hiyo hiyo, na kuanzia hapo mawe yake yatakwenda panapostahili.

6. Anza na wageni watano

*Mbayuwayu wa Ulaya.* Koo la rangi ya matofali, mkanda mweusi kifuani, tumbo jeupe, mkia wenye nyuzi mbili ndefu. Mwenyeji unayeweza kumchanganya naye ana michirizi kifuani na kichwa chekundu. Ukiona ndege mweusi mwenye mabawa ya mundu asiyetua kwenye waya hata kidogo, huyo ni teleka. Watafiti wa Sweden waliofunga vipimo vidogo kwa teleka wa Ulaya walitangaza mwaka 2016 kwamba baadhi yao hukaa angani miezi 10 bila kutua.

*Keremkerem wa Ulaya.* Koo la njano, kifua cha buluu-kijani, mgongo wa hudhurungi. Utamsikia kabla hujamwona, kundi zima likiitana juu sana. Wafuga nyuki wana neno naye, na ni haki yao. Lakini hula pia nyigu na wadudu wengine wengi warukao.

*Korongo mweupe.* Mwili mweupe, mabawa yenye nyeusi, mdomo na miguu myekundu. Usimchanganye na yangeyange, ambaye ni mdogo na mweupe mtupu. Korongo hapendi kupiga mabawa masafa marefu, na juu ya bahari hakuna hewa ya moto ya kumbeba, kwa hiyo wale wa Ulaya ya mashariki huizunguka Bahari ya Kati kupitia Istanbul na Sinai, kisha hufuata bonde la Nile. Akifika kwetu hula panzi na viwavijeshi. Kundi lake likitua kwenye shamba lililovamiwa na viwavijeshi, mwenye shamba amepata vibarua wasiodai ujira.

Korongo huyu ndiye aliyewafumbua macho Wazungu. Kwa karne nyingi wengi wao waliamini kwamba ndege hulala matopeni au mapangoni wakati wa baridi. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz nchini Ujerumani, alipigwa korongo aliyekuwa na mkuki shingoni, urefu wake sentimita 80 hivi, wa kutoka Afrika. Alikuwa ameruka nao hadi kwao. Bado yumo kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Rostock. Ushahidi wa kwanza wa wazi kuhusu walikokwenda korongo ulitoka mkononi mwa Mwafrika aliyerusha akakosa kidogo tu.

*Kitwitwi mdogo wa ukingoni.* Hudhurungi juu, mweupe chini, na weupe huo hupanda kidogo mbele ya bega. Anatikisa kiuno mfululizo. Mtafute kwenye mawe ya mto Mbarali, mara nyingi akiwa peke yake.

*Kozi wa Amur.* Dume ni wa kijivu cheusi na miguu yenye wekundu, jike ana madoa kifuani. Uzito wake ni kama gramu 150. Anatoka Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China, hukusanyika kaskazini mashariki mwa India, kisha huvuka Bahari ya Hindi kwa siku chache bila kutua, na baada ya hapo hushuka kupitia nchi yetu kuelekea kusini mwa Afrika. Mtafute jioni baada ya mvua, kumbikumbi wakitoka. Wewe unakinga wako na beseni, yeye anawadaka juu.

Kisa chake kinatuhusu. Mwaka 2012, katika jimbo la Nagaland nchini India, wanavijiji wa karibu na bwawa la Doyang walikuwa wakiwanasa kozi hawa kwa nyavu, makumi ya maelfu, na kuwauza kama kitoweo. Picha zilienea. Viongozi wa vijiji, makanisa, serikali na watetezi wa mazingira walikaa pamoja, na msimu wa mwaka 2013 mauaji yale yalikoma. Kijiji cha Pangti kilichojulikana kwa nyavu kikajulikana kwa wageni wanaokuja kutazama kozi. Kozi wa Amur unayemwona juu ya Usangu huenda amepita mikononi mwa watu walioamua kumwacha apite.

7. Ukikuta pete, isome

Baadhi ya ndege huvishwa pete nyepesi mguuni na watafiti. Ukimkuta aliyekufa akiwa na pete, andika herufi na namba zote, mahali na tarehe, na upige picha. Huenda ukakuta jina la kituo kama Helgoland, Radolfzell au Moskwa. Taarifa hutumwa kupitia tovuti ya EURING, nawe hujibiwa alivishwa wapi na lini. Usimuue ndege ili usome pete. Anayeruka nayo bado yuko kazini.

8. Andika ulichokiona

Tarehe, saa, mahali, aina, idadi. Hujui aina? Andika mdomo, miguu, rangi ya kifua na alichokuwa akifanya. Mwenye simu anaweza kuingiza orodha yake kwenye programu ya bure ya eBird, inayoendeshwa na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani. Wapo pia waandaaji wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania, wanaokusanya kumbukumbu za nchi nzima tangu miaka ya 1980. Nchi yetu ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na kumbukumbu nyingi hutoka kwenye hifadhi ambako watalii hufika. Orodha ya mwanafunzi wa Rujewa aliyesimama kwenye mfereji uleule kila Jumamosi inaziba pengo ambalo mtalii hawezi kuliziba.

Shule zinaweza kuanzia kwenye Siku ya Ndege Wahamiaji Duniani, inayoadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba. Moja huangukia wageni wakishaondoka, nyingine wakiwa wanafika. Mwalimu akipeleka darasa mtoni Oktoba atapata somo la jiografia lenye mabawa.

9. Simama kwenye mkutano wa kijiji

Hatua ya mwisho ndiyo inayozipa maana zote zilizotangulia. Kwelea wakizidi, serikali huleta ndege ya kunyunyizia dawa, mara nyingi fenthioni, jioni wakiwa wamelala kwenye matete au migunga. Dawa hiyo haichagui mdomo. Mbayuwayu waliolala kwenye matete yaleyale hufa pamoja na kwelea, na kipanga au kozi akila mzoga wenye sumu naye hufuata. Mkulima anabaki na mpunga mwaka huu, na viwavi wasio na wa kuwala mwaka ujao.

Hakuna anayekutaka uwatetee kwelea. Unachotakiwa ni kunyoosha mkono na kusema: "Ndugu mwenyekiti, kabla dawa haijapigwa, naomba watu wawili waende jioni kwenye matete wakaangalie ni ndege gani wamelala pale." Kama ni kwelea watupu, kazi iendelee. Kama wamechanganyika na wageni, mtaalamu wa kilimo aelezwe, itafutwe sehemu nyingine wanakolala kwelea peke yao, au watu waongeze nguvu ya kuwinga na kuwanasa kwa nyavu, kama wafanyavyo huko Kondoa, ambako kwelea huishia kuwa kitoweo.

Watakuuliza umejuaje tofauti. Waambie ni mdomo, kisha jitolee uwe mmoja wa wale wawili.